RUFAA YA KESI YA DAWA ZA KULEVYA: ANGALIENI PENGO LIKO WAPI

Swali ambalo vikundi vinatuletea mara nyingi siku hizi ni hili: mtoto wa mwanamemba wetu amefungwa kwa kesi ya bangi au ya unga, sisi tumechanga pesa kidogo, je, tumwendee nani? Kabla ya kujibu sisi nasi huuliza swali letu: alihukumiwa tarehe gani? Hapo watu hutazamana. Wanakumbuka vile mama alilia kortini, wanakumbuka hakimu alikuwa mkali, lakini tarehe hakuna aliyeiandika.

Andikeni tarehe. Mtu akihukumiwa na korti ya hakimu ana siku 14 za kupeleka rufaa yake Mahakama Kuu. Siku hizo zinahesabiwa tangu siku ya hukumu, si tangu siku mliyopata pesa za wakili. Zikipita, mlango haujafungwa kabisa. Mahakama Kuu inaweza kumwongezea muda akiwa na sababu nzuri, kwa mfano kama alikuwa hajapata nakala ya hukumu. Lakini ni lazima aombe, na aeleze alichelewa kwa nini. Aliye ndani ya siku zake haombi mtu ruhusa.

Wengi hawajui kwamba mfungwa anaweza kuanzisha rufaa akiwa jela, bila wakili. Anaandika karatasi ya rufaa, akitaja mambo anayoona hakimu alikosea, na anaikabidhi kwa mkuu wa gereza. Huyo mkuu anatakiwa na sheria kuipeleka mahakamani. Kwa hivyo mkienda kumwona kijana wenu, neno la kwanza baada ya salamu liwe: umepeleka karatasi? Sababu zingine zinaweza kuongezwa baadaye kwa ruhusa ya jaji, nakala ya kesi ikishapatikana.

Rufaa si kesi kuanza upya

Hapa ndipo familia nyingi hukosea njia. Mama anafikiri siku ya rufaa atasimama mbele ya jaji na kueleza kwamba mtoto wake ni mpole, anasaidia nyumbani, hajawahi kuiba hata kuku. Maneno hayo yanaweza kusaidia katika kuomba adhabu ipunguzwe, lakini hayaondoi hatia. Jaji wa rufaa kwa kawaida haiti mashahidi. Anasoma yale yaliyoandikwa na hakimu: nani alisema nini, ni kielelezo gani kilitolewa, hakimu aliamua kwa sababu gani. Tangu hukumu moja ya mwaka 1972, ambayo korti zetu zinaifuata mpaka leo, jaji wa rufaa ya kwanza ana wajibu wa kupima ushahidi wote tena yeye mwenyewe na kufikia uamuzi wake, akikumbuka kwamba hakuwaona wale mashahidi kwa macho.

Basi chombo cha kazi katika rufaa ni ile nakala ya mwenendo wa kesi, ambayo watu hapa huita prosidingi. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya kupata nakala hiyo kwa ada ya kadiri. Ombeni kwa barua kwa korti iliyomhukumu, mkitaja nambari ya kesi. Ikipatikana, mtu anayejua kusoma Kiingereza vizuri, labda mwalimu mstaafu katika kikundi, akae nayo siku mbili na kalamu. Asome kama karani anayekagua daftari la chama: kila kiasi, kila tarehe, kila sahihi. Hatafuti huruma, anatafuta mahali hesabu haikubali.

Tufuate kile kifurushi

Tuchukue mfano. Si kesi ya mtu yeyote, tumeutunga ili jambo lieleweke. Kijana amepanda matatu kutoka Migori kwenda Kisii. Kwenye kizuizi polisi wanapekua, wanapata begi chini ya kiti. Ndani kuna vifurushi vya majani makavu. Kijana anakamatwa, anapelekwa kituoni, anashtakiwa kwa ulanguzi. Hakimu anamfunga.

Upande wa mashtaka ulikuwa na mzigo wa kuthibitisha mambo matatu, na kuyathibitisha bila kuacha shaka ya maana. Kwanza, kwamba kile kitu ni dawa inayokatazwa. Pili, kwamba kilikuwa chake, akijua ni nini. Tatu, kwamba alikuwa anakilangua, si kuwa nacho tu. Kijana mwenyewe hana mzigo wa kuthibitisha kwamba hana hatia. Hata akinyamaza kortini, kimya chake hakizibi pengo la polisi.

Sasa mfuateni yule mzigo kutoka chini ya kiti mpaka juu ya meza ya hakimu. Nani aliushika kwanza? Aliandika mahali popote vilikuwa vifurushi vingapi? Kijana alitia sahihi kwenye orodha ya vitu vilivyopatikana, au alikataa, na hayo yakaandikwa? Katika kitabu cha OB kituoni pameandikwa nini usiku ule? Vifurushi vilitiwa alama? Vililala wapi, na ufunguo wa stoo ulikuwa na nani? Nani alivipeleka kwa Mkemia wa Serikali, siku gani, na mkemia alipokea vingapi, vyenye alama gani, uzito gani? Baada ya kupimwa vilirudi kwa mkono wa nani? Na yule aliyevitoa kortini aliweza kusema, hivi ndivyo nilivyochukua chini ya kiti?

Kila swali hapo ni kama kiungo cha mnyororo. Tuseme polisi aliyekamata anaapa kwamba alichukua vifurushi 20, na mkemia anaandika alipokea 17. Au polisi anasema alivipeleka tarehe 4, lakini muhuri wa maabara unaonyesha tarehe 19, na hakuna aliyeeleza vilikuwa wapi siku 15. Au yule aliyevibeba mpaka maabara hakuitwa kutoa ushahidi. Hapo jaji anaanza kujiuliza kama kile kilichopimwa ndicho kile kilichotolewa kwenye matatu. Akibaki na shaka ya kweli, shaka hiyo ni faida ya mshtakiwa. Sheria ndivyo inavyosema, wala si upole wa jaji.

Sheria yenyewe, ile ya Dawa za Kulevya ya mwaka 1994, ina kifungu cha 74A kinachoeleza mzigo upimweje. Mzigo wote upimwe na maofisa walioidhinishwa, mbele ya mshtakiwa au mtu anayemwakilisha pale inapowezekana, kisha mkemia achukue sampuli na kuipima. Katika prosidingi angalieni kama hilo lilifanyika. Lakini hatutaki kuwadanganya: majaji hawajakuwa na sauti moja juu ya jambo hili. Wako walioona kuruka utaratibu huo ni kosa kubwa, na wako waliosema ushahidi mwingine ulitosha. Hoja hii ina nguvu ikiwa pamoja na pengo lingine, kama uzito usiolingana. Peke yake, msiiwekee tumaini lote.

Cheti cha mkemia kinaweza kupokelewa bila mkemia kufika, lakini korti inaweza kumwita aulizwe maswali. Kama mshtakiwa aliomba aitwe na hakimu akakataa bila sababu, liandikeni hilo. Na angalieni alipima nini. Kama kulikuwa na misokoto 40 na akapima miwili, je, alieleza aliichagua vipi?

Begi ni la nani?

Kuwa karibu na kitu si kuwa nacho. Katika mfano wetu matatu ilikuwa na abiria wengine. Kondakta aliitwa? Kuna mtu aliyemwona kijana akipanda na begi? Ndani ya begi palikuwa na kitambulisho chake, nguo zake, chochote chake? Polisi wakisema tu, alikuwa ameketi hapo juu, huo ni ushahidi mwembamba. Sheria haitaji idadi fulani ya mashahidi, na polisi peke yao wanaweza kutosha. Lakini tangu 1972, katika kesi moja iliyotoka Uganda, mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki ilisema hivi: upande wa mashtaka ukimwacha shahidi muhimu, huku ushahidi wake uliobaki unatosha kwa shida tu, korti inaweza kuchukulia kwamba shahidi huyo angesema jambo lisilowapendeza.

Jambo hili linawagusa sana akina mama na wasichana. Mwanamume anahifadhi mzigo chini ya kitanda, polisi wanafika, yeye ametoroka kwa dirisha, na anayeketi rumande ni mke au dada. Hapo swali ni kama alijua, na kama alikuwa na mamlaka juu ya kile kitu. Nyumba ilikuwa na watu wangapi? Nani alilipa kodi? Chumba kilifungwa na nani? Tumeona familia zikiona aibu kuyasema haya kwa sababu yatamtaja mwana wao aliyetoroka. Ndugu zetu, mnayoyaficha kortini mnamfungia mwingine.

Kama hatia ilitegemea kwamba alikubali kituoni, angalieni alikubali mbele ya nani. Sheria ya Ushahidi inataka kukiri kufanywe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo cha Inspekta au zaidi, ambaye si yeye anayepeleleza kesi, na mtu aliyechaguliwa na mshtakiwa awepo. Maneno aliyomwambia konstebo ndani ya Land Rover hayahesabiki kuwa kukiri.

Neno "ulanguzi" lina uzito wake

Hapa ndipo watu wengi wamepoteza miaka bila kujua. Kuwa na dawa ni kosa moja, kulangua ni kosa lingine, na adhabu zake ziko mbali. Sheria inaeleza ulanguzi kwa vitendo: kuingiza nchini, kutoa nje, kutengeneza, kununua, kuuza, kupeana, kuweka stoo, kusafirisha, kusambaza na kadhalika. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa ilisema karatasi ya mashtaka lazima itaje ni kitendo gani kati ya hivyo. Kuandika tu "alikuwa analangua" hakutoshi, kwa maana mshtakiwa hajui anajibu nini. Kisha kitendo hicho kithibitishwe.

Chukueni karatasi ya mashtaka na prosidingi mziweke pamoja mezani. Kama karatasi inasema "kwa kuuza", ni nani alimwona akiuza? Kulikuwa na mnunuzi, pesa, mizani, karatasi za kufungia? Kama inasema "kwa kusafirisha", mtu aliyekutwa amelala nyumbani alikuwa anasafirisha kwenda wapi? Pengo likiwa hapa tu, huenda asiachiliwe. Jaji anaweza kuondoa ulanguzi na kuweka kosa dogo la kuwa na dawa. Msidharau hilo. Tangu marekebisho ya 2022, mtu aliyekutwa na bangi, akiridhisha korti kwamba ilikuwa ya kutumia yeye mwenyewe, hawezi kufungwa zaidi ya miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 100,000.

Linganisheni na ulanguzi. Sheria ya 1994 ilitaja faini ya shilingi milioni moja, au mara tatu ya bei ya mzigo ikiwa hiyo ni kubwa zaidi, na juu yake kifungo cha maisha. Marekebisho ya 2022 yaliweka mizani: kati ya gramu 1 na 100, faini isiyopungua shilingi milioni 30, au miaka 30, au vyote viwili, zaidi ya gramu 100, faini isiyopungua shilingi milioni 50 au mara tatu ya bei, ile iliyo kubwa, au miaka 50, au vyote viwili. Sasa mnaona kwa nini tunasema hesabuni gramu. Kama karatasi ya mashtaka ina gramu 112 na mkemia aliandika 87, hiyo si tofauti ya kalamu. Ni tofauti ya sehemu moja ya sheria na nyingine. Ulizeni pia kama walipima majani pekee, au pamoja na gunia na karatasi ya nailoni.

Bei ya mzigo nayo inatakiwa kuthibitishwa kwa cheti cha ofisa aliyeidhinishwa. Polisi akikadiria tu kwa mdomo, faini iliyojengwa juu ya bei hiyo inaweza kupingwa. Na kwa waliofungwa maisha chini ya sheria ya zamani, Mahakama ya Rufaa ilieleza mwaka 2014 kwamba neno lililotumika katika sheria linaweka upeo wa adhabu, si adhabu ambayo hakimu analazimika kutoa. Tena Katiba inasema adhabu ikibadilishwa kati ya siku ya kosa na siku ya hukumu, mshtakiwa apewe iliyo nafuu.

Yasiyoangusha kesi

Si kila tofauti ni pengo. Shahidi mmoja akisema ilikuwa saa mbili usiku na mwingine saa mbili na nusu, au begi ni la bluu na mwingine kijani kibichi, jaji atasema binadamu husahau. Jina lililokosewa herufi halisaidii. Kanuni ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema makosa ya namna hiyo hayageuzi hukumu, isipokuwa yamesababisha haki kukosekana. Hata kucheleweshwa kituoni kupita saa 24 kabla ya kufikishwa kortini ni haki iliyovunjwa, na mtu anaweza kudai fidia, lakini kwa kawaida hakumtoi hatiani. Rufaa yenye sababu 25, ishirini kati yake za namna hii, inamchosha jaji kabla hajafika kwenye ile moja ya maana. Wekeni nne au tano zenye mifupa.

Na yule aliyekubali makosa siku ya kwanza kwa sababu aliambiwa "kubali yaishe"? Huyo yuko pabaya. Aliyekubali mwenyewe hawezi kukata rufaa juu ya hatia, ila juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Kinachobaki ni kuuliza kama alikubali kweli. Je, mashtaka yalisomwa kwa lugha anayoielewa? Mwendesha mashtaka alieleza yaliyotokea, na mshtakiwa akaulizwa kama ni kweli? Cheti cha mkemia kilikuwepo, au alikubali kwamba kitu ni dawa kabla ya mtu yeyote kukipima? Majibu yako ndani ya prosidingi, mara nyingi katika ukurasa wa kwanza tu.

Rufaa inaweza kuleta nini, na hatari yake

Jaji anaweza kumwachilia, kubadilisha kosa, kupunguza adhabu, au kukataa rufaa. Anaweza pia kuagiza kesi ianze upya mbele ya hakimu mwingine. Watu wanaogopa kwamba polisi watatumia nafasi hiyo kuziba mapengo yao. Hukumu ya mwaka 1966 ya mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki, inayofuatwa hadi sasa, ilisema kesi isirudiwe kwa ajili hiyo. Kurudia ni kwa kesi ya kwanza iliyokuwa na kasoro katika mwenendo wake, si kwa kuupa upande wa mashtaka nafasi ya pili ya kutafuta ushahidi ambao haukuwa nao.

Hatari ni hii: anayelalamikia adhabu anaweza kuongezewa. Kwa kawaida jaji humwonya mapema, na akionywa afikiri sana kabla ya kuendelea. Dhamana wakati wa kungoja rufaa inaweza kuombwa, lakini hutolewa kwa nadra, rufaa ikionekana wazi ina nafasi kubwa ya kushinda. Msiuze ng'ombe kwa ahadi ya mtu wa bondi.

Kuhusu pesa za kikundi, hapa tuna neno la wazi. Kuna wakora wanaozunguka nje ya korti wakisema wanamjua jaji. Hawamjui. Pesa zilipe nakala ya prosidingi, kwa risiti ya serikali. Zilipe nauli ya mtu mmoja kwenda gerezani na kwa karani wa korti. Zikibaki, zilipe wakili asome ile nakala na kusema kwa maandishi kama kuna pengo. Wasiojiweza wanaweza kuomba Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa na sheria ya 2016, au kuuliza katika ofisi ya haki na amani ya parokia.

Mahakama Kuu ikikataa, inabaki Mahakama ya Rufaa. Taarifa ya kwenda huko nayo ni ndani ya siku 14. Lakini majaji wa huko wanasikiliza mambo ya sheria tu. Kama begi lilikuwa chini ya kiti au juu ya magoti, hawatauliza tena. Kwa hivyo vile vifurushi 17 badala ya 20, zile siku 15 zisizo na maelezo, na zile gramu 87 lazima viwe vimeandikwa katika rufaa ya kwanza.